Anisia na Theluji ya Uwandani

Kijijini kwetu Cornetu, mtu akitaka kujua kesho kutakuwaje, hamuulizi Anisia Bratoveanu. Anachungulia uani kwake. Akiona nguo zimeanuliwa mapema, au mizinga ya nyuki imefunikwa magunia, anarudi kwake kuingiza kuni ndani. Lakini akikutana naye njiani na kuambiwa, "Mchana itanyesha," ataitikia kwa adabu, kisha atasimama kidogo na kujiuliza mwanamke huyu anataka nini.

Kupima hali ya hewa ndiyo kazi yake. Nyuma ya nyumba kuna kisanduku cheupe cha mbao chenye miguu mirefu. Ndani mna vipimajoto, na pembeni kimesimama chombo cha kukingia mvua na theluji. Kila asubuhi husoma, hupiga simu mjini, hutaja tarakimu, hukata. Kazi hiyo alikuwa nayo mumewe, na alipofariki hakuna aliyekuja kumwambia Anisia aache. Barometa, kipima uzito wa hewa, imetundikwa jikoni, juu ya pipa la kabichi za siki. Jioni hula peke yake, ugali wa mahindi ya njano na jibini ya kondoo, akiitazama barometa jinsi wengine wanavyotazama televisheni.

Shaka ilianza nikiwa bado nasoma shule ya hapa. Vuli ile Anisia alisema wiki itakuwa tulivu, na watu wakawaacha kondoo wao juu mlimani. Ikaja mvua ya barafu yenye upepo, kondoo wengi wakafa wamesimama. Ila kondoo wa Sofron, kaka yake Anisia, walikuwa wameshateremka siku moja kabla. Sofron aliapa kwamba jino lilimuuma hadi akaona nyota, akashuka kumtafuta daktari, na kondoo angewaachia nani? Hakuna aliyemsadiki. Mpaka leo, mtu wa Cornetu akitoa udhuru mwepesi, huulizwa kama jino limeanza kumuuma tena.

Tangu hapo wanakijiji waliamini kwamba Anisia ana utabiri wa aina mbili, mmoja wa watu na mmoja wa ndugu. Nami, ambaye nyumba yetu inatazamana na yake, nilikua nikiamini hivyo. Niliporudi kutoka chuo kikuu kufundisha shule ileile, nilianza kwenda kwake kuazima sufuria na kukaa kidogo. Hata hivyo nilikuwa naangalia mikono yake zaidi ya kusikiliza maneno yake.

Majira ya baridi ninayoyasimulia yalianza kwa ubishi juu ya bandama. Siku ya Ignat, kabla ya Krismasi, kila nyumba huchinja nguruwe na kulaza bandama lake juu ya ubao. Upande wa kichwani ni mwanzo wa baridi, upande wa mkiani ni mwisho wake. Penye unene pana theluji. Lakini mwaka huo ugonjwa ulikuwa umefagia mabanda yetu, na nguruwe wote walinunuliwa bondeni, uwandani. Mabandama yao yalikuwa membamba mkiani kama ulimi wa paka.

"Nguruwe wa bondeni anajua nini kuhusu milima?" aliuliza Safta, jirani yake Anisia, mikono ikiwa na damu hadi kwenye viwiko.

"Hajui," alijibu Iordache, mkubwa wa chama chetu cha wafugaji wa kondoo. "Anajua kwao. Na kondoo wetu wako wapi sasa hivi? Si huko huko kwao?"

Hoja hiyo ilimridhisha kila mtu. Kila mwaka kondoo wa kijiji hukaa Baragani wakati wa baridi, kwenye uwanda usio na mti wala korongo, ambako theluji kwa kawaida ni chache. Bandama la nguruwe wa Baragani likisema mwisho wa baridi ni mwepesi, basi uwandani utakuwa mwepesi. Anisia alikuwepo, amebeba bakuli la chumvi. Aliulizwa kwa dhihaka kama ana la kuongeza. Akasema nyama isiachwe juani.

Mwisho wa Februari mwenye shamba la uwandani akataka ardhi yake ailime. Iordache akapanga kundi la kijiji lipande kwa miguu, lije kwenye vilima vyetu. Sofron, ambaye kundi lake lilikuwa jirani na la kijiji, naye akajiandaa. Atakayefika kwanza ndiye anayepata mteremko wa kusini, ambako theluji huyeyuka mapema na majani huota kabla ya mahali pengine. Majike walikuwa na mimba nzito, na majani hayo ndiyo maziwa ya wana-kondoo.

Huku kwetu ulikuwa unavuma upepo wa vuguvugu kutoka mlimani. Paa zilidondosha maji, wanawake walianika mablanketi. Redio ilitoa utabiri mmoja kwa mkoa mzima, vilima na uwanda pamoja: upepo, na mvua hapa na pale. Nilimkuta Anisia jikoni akikanda unga, macho yake yakiwa kwenye barometa.

"Inashuka tangu jana na haijapumzika," alisema. "Na joto hili la mlimani ni la uongo. Linateremka hapa kwetu, likifika uwandani linaelea juu ya hewa ya baridi, kama mafuta juu ya maji. Mawingu ya juu yanatoka kusini. Yakikutana na krivats huko chini, mtu hataona mkono wake."

Krivats ni upepo wetu wa kaskazini-mashariki. Hatuutaji tukiwa tunakula.

Aliniomba nimpigie Sofron, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa na unga. Nikaweka simu mezani, sauti ikasikika jikoni kote.

"Kaka, kesho usitoke. Kaa nyuma ya mabanda ya matofali."

"Iordache anatoka."

"Naye asitoke."

"Umeshamwambia?"

"Bado. Nimeanza na wewe."

Sofron alicheka, kicheko kisicho na furaha. "Umeanza na mimi. Safta ameniambia siku hizi wewe naye mnakaa benchi moja kanisani. Unataka kujisafisha, dada. Wa kijiji wafike kwanza, wangu wabaki kwenye tope, watu waseme: tazama Anisia, hana upendeleo."

"Nakuambia kilichopo kwenye barometa."

"Barometa haina kijiji cha kuishi nacho. Wewe unacho."

Akakata. Anisia aliniomba nipige tena. Simu ilikuwa imezimwa.

Nikamwambia basi aende kwa Iordache. Aliendelea kukanda.

"Nikimwambia asitoke, atadhani nampa Sofron nafasi. Atawatoa kondoo kabla ya jua."

"Basi mwambie atoke, Shangazi. Atabaki."

"Sijawahi kutaja hata digrii moja ya uongo," akasema. Aliufunika unga kwa kitambaa, akanawa mikono, akavuta mapazia ya upande wa barabara. Kisha akaniaga kwa upole, kama mtu mwenye wageni wengine.

Mchana huo, kutoka dirishani kwetu, nilimwona akizunguka nyumba na kuni hadi mlango wa nyuma, ingawa wa mbele ulikuwa karibu zaidi. Aliikumbatia mizinga mmoja mmoja na kuipeleka ghalani, akigeuka kutazama njiani kila hatua chache. Alifunga paa la banda la kuku kwa waya. Nyuma ya uzio, kilemba chekundu cha Safta kilikuwa hakitikisiki.

Nilipoenda dukani kununua chumvi, Safta alikuwa ameshafika.

"Kwa mlango wa nyuma," alikuwa akimwambia Iordache. "Kama mwizi wa kuni zake mwenyewe. Na mapazia kafunga."

"Huenda anafanya usafi."

"Usafi wa mizinga? Iordache, wewe ulizaliwa lini?"

Iordache aliweka chini glasi yake ya pombe ya plamu, akatoka. Tulimfuata kwa nyuma hadi karibu na lango la Anisia. Anisia alisimama mlangoni, amekunja mikono.

"Shangazi, kesho vipi huko uwandani?"

"Redio imesema mvua."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasoma vipimajoto tu, mwanangu."

Iordache alirudi akiwa ameshatoa simu mfukoni. "Anatuficha," alisema. "Damu nzito kuliko maji." Akawapigia wachungaji wa kijiji, akawaamuru warudishe kondoo nyuma ya mabanda ya matofali na wasisogee hata wakiitwa na askofu.

Dhoruba ilianza kesho yake asubuhi, Sofron akiwa ameshaingia katikati ya uwanda. Kondoo wakiwa kwenye krivats hawasikii mbwa wala fimbo. Hugeuza mgongo kwa upepo na kwenda unakowasukuma. Wa Sofron walisukumwa hadi kwenye mfereji wa kumwagilia mashamba, wakaangukiana, theluji ikawafunika. Yeye alipatikana hai ndani ya kibanda cha pampu ya maji, amekumbatia mbwa, vidole viwili vya mguu vimekufa. Zaidi ya nusu ya kundi lake liliangamia. La kijiji halikupoteza hata mmoja.

Ungedhani Anisia angeshukuriwa. Badala yake watu walianza kuhesabu upya. Safta alisema kisimani kwamba mwanamke anayeweza kumwachia ndugu yake njia ya kifo hashindwi lolote. Iordache, ambaye kondoo wake walikuwa wazima zizini, alianza kuvuka barabara akimwona. Nami nilikaa na swali langu hadi siku moja nikamuuliza kwa nini alifunga mapazia mchana ule. Alisema jua linachujisha rangi ya zulia. Nakumbuka vizuri kwamba wakati huo mawingu yalikuwa yameshalifunika jua.

Sofron alikuja alipoweza kutembea. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na jiko, nikainuka niondoke. Anisia akanizuia kwa mkono. Kaka yake aliketi bila kuvua kofia.

"Wao uliwaambia nini?"

"Sikuwaambia kitu."

"Walibaki."

"Walibaki, kwa sababu sikuwaambia."

Sofron alisugua goti la mguu mbovu. "Na mimi?"

"Wewe nilikuambia, Sofron. Wewe peke yako."

Anisia akamwekea sahani. Hakuigusa, lakini pia hakuondoka. Mwishowe akauliza kesho kutakuwaje, kwa kuwa anataka kuwapeleka kondoo waliobaki mtoni.

"Baridi kavu. Upepo hamna."

Sofron aliinama kwa heshima, kama mtu aliyepokea kitu. Kisha akainuka akishikilia meza, akachechemea hadi mlangoni, akaufungua, akasimama pale akitazama mawingu mwenyewe.