Evode na Taa Inayogeuka Yenyewe

Evode wa Karuba alikuwa mtu wa kushuku, na wala hakuona haya. Ukimsalimia mapema mno asubuhi, anajiuliza unataka kuazima nini. Mkewe Adelaïde akitia mafuta mengi kwenye maharagi, anauliza nani anakuja. Basi mtu wa namna hiyo, siku moja mwaka 1966, alifika bandarini Sake akakuta fundi kutoka Bukavu ametoboa tundu mbele ya boti, pale pale anaposimama yeye kila siku. Hebu niambie, angepata usingizi kweli?

Lazima ujue kazi yake kwanza. Alizaliwa milimani, kwa wakulima wasiojua hata kuogelea. Aliteremka ziwani kwa sababu shamba la baba liligawanywa kwa ndugu saba, na kipande chake mbuzi mmoja angekimaliza kwa siku. Alianza kwa kubeba magunia. Sasa ilikuwa miaka tisa anasimama mbele ya boti ya Papa Maurice, mfanyabiashara wa kutoka Butembo, ameshika mti mrefu mkononi. Kutoka Sake kwenda kwenye ziwa kubwa, unapita mlango mwembamba ambao moto wa mlima uliujaza mawe zamani ulipoteremka majini. Mawe meusi, makali, na mengi yamejificha chini. Evode alikuwa akipapasa maji kwa ule mti. Akigusa jiwe, anapiga ubao kwa kisigino cha buti: mara moja, geuka kulia, mara mbili, kushoto, mara tatu, simama. Kuita hakufai, maana mashine inanguruma, na Polycarpe, mwendeshaji, yuko nyuma kibandani. Mapigo yale Polycarpe anayasikia kwa nyayo.

Na sasa taa iliyofungwa kwenye tundu lile. Ilikuwa pana kama sufuria ya harusi, na chini yake kulikuwa na mashine ndogo ya kuigeuza. Waya ulipita chini ya mbao hadi kibandani, ukaishia kwenye kisanduku chenye vifungo vinne. Polycarpe akibonyeza huko nyuma, taa huku mbele inatazama kushoto, kulia, juu, chini. Wachuuzi bandarini walipiga makofi wakisema ajabu, inageuka bila mkono wa mtu. Evode hakupiga makofi. Hayo maneno, bila mkono wa mtu, yalimkaa tumboni.

Tangu siku hiyo kila kitu kikawa ushahidi. Papa Maurice alimuuliza kama bado ana shamba kule Karuba. Patroni, mwajiri wako, anayekuuliza habari za shamba anataka nini, kama si kukurudisha kulima? Halafu Polycarpe. Huyo walikula naye sahani moja miaka yote tisa, na ziwa likiwa wazi alikuwa akimwachia Evode usukani, yeye akalala kidogo. Sasa alijifungia kibandani na fundi, wanabonyeza vifungo, na Evode akikaribia wananyamaza. Adelaïde alimwambia amuulize tu rafiki yake, mambo yaishe. Thubutu! Mtu anayekula kazi yako, akasema Evode, utamuuliza kama ameshiba? Kwa wiki mbili hakumpa Polycarpe hata salamu.

Siku ya kujaribu taa ikafika. Boti iliondoka Sake kwenda Bukavu jua likizama, magunia yamejaa, akina mama wamekaa juu yake, na Papa Maurice mwenyewe amepanda ili aone. Evode alikuwa ameshakata shauri: hatapiga ubao. Si taa ipo? Ifanye kazi yake, tuone.

Walipoingia mlangoni, taa ikawaka, na maji yakawa meupe kama maziwa. Ikageuka kushoto, ikageuka kulia, ikarudi kushoto. Evode akatumbukiza mti kwa mazoea tu. Ukagusa jiwe. Buti likainuka lenyewe, akalizuia. Nyuma yake kulikuwa na watu, na hasira yake iliwahusu nini wao? Kabla hajajijibu, mashine ikazimwa.

Polycarpe alikuja mbele taratibu, mkono mmoja ukipapasa ukingo wa boti kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Evode, mbona hunipigii ubao?"

"Taa si iko na wewe? Angalia."

Polycarpe akasogea karibu, akashusha sauti. "Naona weupe tu. Macho yangu iko na ukungu tangu mwaka juzi. Mi naendesha na mapigo yako, kaka. Ni mimi njo niliiomba hii taa kwa patroni. Nilifikiri mwanga ikiwa mingi, nitaona."

Evode alikuwa amemchukia mtu wiki mbili nzima, na mtu huyo alikuwa anaishi kwa kisigino chake.

Papa Maurice akafika, akauliza kwa ukali nani amesimamisha boti katikati ya mawe. Neno moja tu, na Evode angekuwa salama na kazi yake, na aibu yote ingemwangukia mwingine. Neno lenyewe lilikuwa tayari mdomoni.

"Ni mimi, Papa. Sikupiga ubao."

"Basi tukifika Bukavu, ushuke, usirudi tena."

"Papa, anakudanganya," alisema Polycarpe. "Si yeye. Mi njo sioni."

Papa Maurice aliwatazama mmoja mmoja, kama mtu anayehisi wamepanga kumchezea. Akapitisha mkono mbele ya uso wa Polycarpe, na yale macho hayakuufuata. Wakati huo boti ilikuwa inasukumwa na maji kidogo kidogo, na mama mmoja juu ya magunia akaanza kusali. Polycarpe hakungoja kuamriwa. Alinyoosha mkono akauchukua mti.

"Mikono yangu bado inaona. Wewe macho yako iko mazuri. Enda ushike usukani."

Evode akaenda. Akawasha mashine, akakichukua kile kisanduku, akabonyeza, akaona kwa mbali mgongo wa Polycarpe umeinama juu ya maji. Upande wa kushoto taa ilimwonyesha kitu cheusi, kipana, kilichomtisha. Kulia maji yalikuwa matulivu, yanang'aa, hayana kitu. Macho yake mazuri yalimwambia kulia.

Ubao ukatetemeka chini ya nyayo zake, mara mbili.

Akageuza kushoto.