Pumzi ya Bibi

Mwezi uliopita nilipanda kwenda nyumbani Itumba, nikakuta jiko la bibi limebomolewa. Mjomba amejenga la matofali, lenye madirisha mawili, na mkewe anapikia gesi. Ni jambo jema. Lakini nilishindwa kufurahi.

Kama umekulia kwenye vilima vya Ileje, unaijua baridi ya Juni. Tukitoka shule tulikimbilia jikoni kwa bibi, chumba cha udongo kisicho na dirisha, tukabanana kando ya mafiga huku ndizi zikiiva kwenye majivu. Moshi ulitutoa machozi, tukacheka. Bibi alipuliza moto huku akiimba. Kanisani ndiye aliyeanzisha nyimbo, na sauti yake ilifika barabarani.

Kikohozi kilianza kidogo kidogo. "Ni baridi tu," alisema. Baadaye akawa anasimama kila mara njiani kwenda kanisani, akijifanya anasalimia watu. Mama akampeleka hospitali, nami nikafuatana nao.

"Bibi, umevuta sigara miaka mingapi?" daktari aliuliza.

"Sigara? Baba, mimi ni mama wa kanisa!"

Daktari hakucheka. Alimweleza kwamba moshi wa kuni nao huharibu njia za hewa, na mapafu yakishachakaa hayawi mapya tena. Kilichobaki ni kuyatunza. Akampa dawa ya kuvuta kwa mdomo, akamfundisha kutoa pumzi polepole, midomo ameibana kama anayepooza uji. Na apikie nje.

Alifuata yote isipokuwa hilo la mwisho. Mama alimjengea banda, bibi akakataa. "Nikipikia nje, hawa wajukuu wataota moto wapi?"

Basi mama akatukataza kukanyaga jikoni kwake. Tulilia. Bibi alikaa mle peke yake siku chache, kisha akabeba sufuria zake, akahamia bandani.

Alipata nafuu, akarudi kanisani, akipumzika waziwazi njiani. Lakini wimbo hakuuanzisha tena. Alikaa benchi la mbele akichezesha midomo tu. Baridi ya mwaka uliofuata ilimkamata kifuani, hakuinuka tena.

Wenzangu wakisikia harufu ya kuni husema wanakumbuka nyumbani. Mimi pia. Nakumbuka joto lile, vicheko vyetu, halafu nasikia kifua chake kikipiga filimbi, na sisi tukimwomba aongeze kuni.