Korosho Haichumwi

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu. Nilikuwa kidato cha pili hapa Masasi, na mwalimu wetu wa Kiingereza, kijana mpole kutoka Bukoba, alitufundisha maneno mawili: pick na gather. La kwanza, alisema, unakichuma kitu tawini kwa mkono wako. La pili, unakusanya vilivyotawanyika, kama vile vilivyokwisha kuanguka. Nikarudi Lisekese kwa maringo, nikamkuta bibi mzaa mama anaokota korosho, nikamweleza yote. Alicheka mpaka akashika kiuno.

"Kumbe Wazungu nao wanalijua hilo!"

Jioni wakaja wageni kutoka Nanganga kuniposa. Niliogopa sana, maana nilitaka kusoma, na mjomba alikwisha kuwapenda. Kwetu neno la mjomba likitoka halirudi. Bahati yangu, mjomba mwenyewe alizaliwa na bibi.

Bibi akawaandalia, wakala wakashiba. Ndipo akamgeukia mkubwa wao.

"Baba Saidi, wewe korosho zako unazichuma?"

"Aa, mama! Korosho inaokotwa. Ukiichuma, ndani bado mbichi, chama cha ushirika wataikataa."

"Basi mjukuu wangu bado yuko tawini. Anasoma. Mwacheni akomae, siku yake atashuka mwenyewe."

Mjomba akainamisha kichwa, kisha akacheka. "Mama amesema." Wageni nao wakacheka, wakaaga kwa heri.

Nimefundisha Kiingereza Newala mpaka nikastaafu, na maneno yale mawili sikuyaruka hata mwaka mmoja. Mume nilimpata pia, tena niliyemtaka mwenyewe!

Sasa wewe, mwanangu, unayetaka kuacha shule kwa kuwa wenzako wameolewa, sikiliza. Mchumia juani hulia kivulini, kwa hiyo mchicha na kunde wahi kuvichuma, havikungoji. Lakini ndoa si mchicha. Ingoje ikomae. Na kungoja si kukaa bure. Bibi, kabla korosho hazijaanguka, alikuwa ameshapalilia chini ya kila mkorosho, ili zikidondoka azione. Nawe palilia: soma, jiheshimu, jifunze kazi. Anayekuharakisha mwulize kama korosho zake anazichuma.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kuchuma na moyo mzito wa kungoja, na siku yako ikifika, ikukute chini ya mti, mahali pako pakiwa pasafi. Amina.