Moshi wa Husnah

Mimi naitwa Wandera, fundi wa nyumba, mtu wa Busia upande wa Kenya, na tumbo langu halivumilii uchafu. Nikikuta unywele kwenye ugali nalala na njaa. Sasa fikiria nilivyoteseka miezi minne katika ile hosteli ya wasichana tuliyoijenga kwenye mteremko wa Kibuli, ambako baada ya ujenzi kwisha nilibakizwa kama mtu wa matengenezo. Chumba namba sita kilinuka. Si kunuka kwa soksi, wala samaki wa jana. Kilinuka choo, choo chenyewe cha watu themanini, na uvundo ule ulikuwa na saa zake: asubuhi kimya, ikifika saa nane mchana unakukaba koo. Ptuu! Hata sasa nikisimulia mate yananijaa mdomoni.

Aliyelaumiwa ni Husnah. Huyu ni mama wa Kinubi, mzaliwa wa hapo hapo Kibuli. Babu zake waliletwa kutoka Sudan na jeshi la Mwingereza, na baba yake aliendesha malori ya jeshi, ambako huku lugha ni Kiswahili, mpaka akastaafu, ndiyo maana Kiswahili cha huyu mama hakitafuti maneno. Mumewe alifariki, wanawe wameoa, naye akapata kazi kwetu hata kabla ujenzi haujaisha, kama mlezi wa wasichana na msafishaji. Nyumbani kwake nimewahi kufika. Kiatu unakiacha mlangoni, nguo zinafukizwa udi kabla ya kuvaliwa, na ukiondoka pale unanukia mpaka Nateete ninakokaa. Mwanamke wa namna hiyo kumwita mchafu ni kumvua nguo hadharani.

Na sisi tulimwita. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, sifichi. Kila siku baada ya chakula cha mchana Husnah alikuwa anaingia chumba namba sita na chetezo chake cha udongo, makaa mekundu ndani, anatupia udi na kusimama tu akiutazama moshi. Basi nikaenda kwa meneja, bwana Odyek, nikamwambia yule mama hasugui, anaufunika uvundo kwa manukato. Odyek akampiga marufuku kuwasha udi ndani ya jengo. Husnah alisugua sakafu kwa brashi, akafua mapazia, akatoa magodoro nje, akamwaga dawa ya choo mpaka ngozi ya vidole ikambanduka. Saa nane ikifika, uvundo uko pale pale. Binti mmoja, Rehemah, alitapika juu ya vitabu vyake. Wenzake wawili wakahama. Mimi nikawa napita mlangoni nimeziba pua kwa shati, na nilihakikisha Husnah ananiona.

Wazazi walipoanza kupiga simu, Odyek alimleta mhandisi, mama mmoja Mkongo anaitwa Annick, ambaye kazi yake ni kuangalia nyumba zinavyopumua. Alibandika nyuzi nyepesi kwenye kila tundu la hewa juu ya madirisha ili aone upepo unavyozisukuma. Halafu akachukua ramani ya jengo, akaiingiza kwenye kompyuta, ikatoka picha ya vyumba vyetu vimejaa mishale ya buluu. Upepo wa ziwani unapanda mlima mchana, akaeleza, unaingia kwa matundu ya chumba namba sita, unapita juu ya vitanda na kutokea koridoni. Jengo linapumua vizuri sana. Odyek alifurahi kama aliyepewa cheti. Kama hewa inayoingia ni safi, alisema, basi uvundo unatoka humo humo ndani, na anayesafisha humo ndani ni mmoja. Akamwambia Husnah kwamba Ijumaa ndiyo siku yake ya mwisho, na barua itaandikwa sababu ni uchafu.

Ilikuwa Jumatano. Husnah alisimama mbele ya ile picha muda mrefu, kidole kikifuata mshale mmoja kurudi nyuma, kutoka kitandani, kupitia tundu, mpaka ukutani nje ambako picha ilikuwa imeishia. Akamuuliza Annick kompyuta inajuaje hewa hii ni safi kabla haijaingia. Kompyuta haijui, Annick alikiri. Yeye ndiye aliyeiambia.

Husnah akasema nyuzi zinasema kweli na mishale inasema kweli, kwani moshi wa udi wake nao ulikuwa ukimwonyesha hivyo hivyo kila siku: kwa tundu lile hewa inaingia, haitoki. Anachotaka kujua ni imepita wapi kabla ya kuingia. Akaomba nafasi moja. Odyek alitaka kukataa, lakini Annick alishaanza kumuuliza ni saa ngapi.

Kesho yake saa nane mchana tulikuwa kwenye chemba ya choo nyuma ya jengo, ile inayopokea kila kitu kabla hakijafika kwenye shimo. Mimi ndiye niliyeambiwa niinue kifuniko. Banange, jamani! Sitaeleza nilichokiona, mkitaka kula leo msiniulize. Nilitapika pembeni kama mtoto. Annick alitulazimisha tusubiri nusu saa gesi itoke kabla ya moto kukaribia. Kisha Husnah akapiga magoti, akajaza udi kwenye chetezo, kile kile alichoachiwa na mama yake, akakifunga waya na kukishusha mle ndani, mahali pakavu juu kidogo ya yale majimaji. Udi huo kwao ni wa bibi harusi, wa mtoto mchanga, wa Ijumaa. Akaufunika mdomo wa chemba kwa gunia lililoloa maji, akanyanyuka, akatuambia twende juu.

Tuliingia chumba namba sita tukasimama katikati ya vitanda: Odyek, Annick, mimi, na wale wasichana waliobaki. Dakika tano, kitu hakuna. Halafu Rehemah akanusa. Halafu sote tukanusa. Udi mtamu, mzito, unashuka kutoka juu ya dirisha, na moshi mwembamba wa kijivu ukiingia kwa tundu la hewa, ukipita juu ya vitanda, njia ile ile ya mishale. Odyek akavuta pumzi ndefu, akasema inanukia vizuri.

"Vuta tena, bosi," Husnah alisema. "Hiyo imetoka chooni."

Odyek akaziba mdomo kwa viganja viwili. Rehemah akaanza kulia, na sikumlaumu, kwa sababu kila mtu mle ndani alikuwa anapiga hesabu ya alichokuwa anavuta miezi minne. Mimi, tangu nilipouona ule moshi, nilikuwa nimeshajua zaidi ya wote. Tulitoa vichwa dirishani, na hapo juu, mkono mmoja tu kutoka kwenye tundu, moshi ulikuwa unamwagika kutoka kwenye bomba la hewa ya choo. Kwenye ramani bomba lile linapenya paa na kupanda juu ya mabati. Ukutani liliishia chini ya upenu, limekatwa, limepakwa rangi ya ukuta lisionekane.

Odyek akauliza nani alifanya ushenzi huu. Nikasema ni Hamim, fundi bomba. Hamim yuko Juba siku hizi. Nililitamka jina lake kwa wepesi kabisa, kama mtu anayeagiza chai. Husnah aliniangalia, akashuka kwenda kukitoa chetezo chake.

Jioni nikapanda ngazi na kipande cha bomba. Kazi yenyewe ilikuwa ya muda wa saa mbili tu. Saa mbili, jamani! Husnah ndiye aliyenishikia ngazi, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine. Nilipokuwa natoboa bati, akasema kutoka chini, taratibu, "Hamim alikuwa ameshaondoka. Wewe ndiye ulilikata. Nilikuwa hapa nafagia saruji yako."

Ni kweli. Mabati yalikuwa yameshapigwa, nikaogopa kuyatoboa yasije yakavuja nikalaumiwa, nikachukua msumeno. Sikuwaza vitanda. Nilimuuliza mbona hajasema. Alisema hakujua bomba lile ni la nini, amejua leo tu. Nikamuuliza, na leo je, mbele ya Odyek?

"Miezi minne nimeitwa mchafu, Wandera. Nimefika mahali nanusa mikono yangu mwenyewe kabla ya kumshika mjukuu. Siwezi kumfanyia mtu hivyo. Hata wewe."

Kinyaa nakijua, ndugu zangu. Nimekionea kamasi, nimekionea funza, nimekionea ile chemba. Siku ile, juu ya ngazi, nilijionea kinyaa mimi mwenyewe, na hakuna pa kutemea. Nikafunga bomba, nikashuka bila kumtazama usoni, nikaenda ofisini. Odyek alikuwa mezani, simu imewekwa sauti ya juu, na Hamim kule Juba alikuwa akiuliza, kwa adabu, kosa lake ni nini.

Nikamwambia Odyek akate simu. Halafu nikasema hapana, asikate, acha naye asikie.