Maneno ya Kujaribia

Fundi mmoja hutengeneza maandishi ya mabango ya maduka. Huandika amri moja kwenye kompyuta, herufi hutoka kama mistari mitupu, kisha huzipa unene mpaka zisimame na kuzunguka kwenye skrini. Mafundi wengine hujaribia kwa "abc", watu wasio na la kusema. Yeye hujaribia kwa swali la marehemu mama yake, "Umeshakula?", na kulitazama likimgeukia.

Jana alisahau kulibadilisha, akamtumia hivyohivyo muuza viatu aliyeagiza bango. Simu ikalia.

"Fundi, mimi nauza viatu. Haya ya kula yametoka wapi?"

"Samahani mzee, nilikuwa najaribu tu."

"Lakini wewe, umeshakula?"

"Nimeshakula, mzee."

Jiko la fundi lilikuwa halijawashwa tangu juzi.