Mama alisema jirani kaiba kahawa, nami nikamwamini

Machi mwaka huu tulimzika mama yangu, huku Mkumbi, Mbinga.

Wakuu, nawasalimu. Haya yamenitokea mwenyewe na sijatia chumvi. Kuna sehemu natamani ningeweza hata kuzipunguza.

Mama aliugua Alzheimer. Hospitalini walinieleza kwamba atasahau majina, njia, hata chakula alichotoka kula. Nikaelewa kuwa ni ugonjwa wa kusahau. Sikujua kwamba unaweza pia kumpa mtu kumbukumbu ya jambo ambalo halijatokea.

Msimu wa kahawa uliopita nilirudi kutoka shamba, nikamkuta barazani analia.

"Mama Stela kaiba kahawa yetu kichanjani. Kaitia kwenye ndoo ya bluu. Kajifunika kitenge cha njano. Kaniangalia, kacheka."

Mama Stela ni jirani yetu, mzaliwa wa Lituhi kule ziwani, ameolewa huku. Akienda kwao alikuwa harudi bila usipa wa mama, wale dagaa wa Ziwa Nyasa.

Niliamini kwa sababu ya ile ndoo na kile kitenge. Nilijiambia mtu anayesahau hawezi kukumbuka rangi.

Kahawa yenyewe sikuipima. Sikwenda hata kuiangalia pale kichanjani tunapoianika.

Jumapili baada ya misa nikawaambia wanajumuiya. Kwa msiojua, jumuiya ni sisi majirani Wakatoliki, tunasali nyumba kwa nyumba kwa zamu. Mzee mmoja akadakia:

"Watu wa ziwani hao, wamezoea kuvua visivyo vyao!"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Zamu ya nyumba ya Mama Stela ilipofika, tukairuka. Alikuwa ameshafagia uwanja na kutandika mikeka. Tukapita tunaimba, tukaenda nyumba inayofuata.

Hakuja kugombana. Aliacha tu kuleta usipa.

Miezi ikapita. Siku moja namlisha mama uji, akanikazia macho.

"Wewe ndiye uliyeiba kahawa yangu. Ukaitia kwenye ndoo ya bluu. Ulijifunika kitenge cha njano. Ukaniangalia, ukacheka."

Nikabaki na kijiko mkononi. Maneno yaleyale, machozi yaleyale. Aliyebadilika ni mwizi tu.

Wakuu, hata hapo sikwenda kwa Mama Stela. Niliona aibu. Kila siku nikasema kesho, mpaka mama akafariki.

Mwenye mzazi wa hali hii, usigombane naye. Hadanganyi, kwake yeye limetokea kweli. Ila kabla hujatoa neno lake nje ya nyumba, nenda kwanza kichanjani ukaangalie. Mliopitia haya andikeni hapa chini mlifanyaje. Na wa kunisema aniseme, nitasoma yote.

Nimalizie na siku ya msiba.

Mama Stela alifika asubuhi na mapema kupika na kina mama wenzake. Nikamfuata jikoni, mbele ya wote.

"Mama Stela, nisamehe. Yale maneno yalikuwa ni ugonjwa wa mama."

Hakuinua sauti.

"Mama alikuwa anaumwa, Baba Deo. Wewe ulikuwa unaumwa nini?"

Akachukua ndoo, akaenda kuchota maji ya wapishi.