Shoka la Silvanus na Miparachichi ya Brigita

Brigita wa hapa kwetu Ganako ni jirani yangu, na nikisema ni mbishi simsengenyi, mwenyewe anajisifia. Miparachichi yake kumi na miwili iko kando ya barabara ya vumbi inayopitiwa na magari ya watalii. Aliipanda mwaka aliofiwa na mama yake, kwa mbegu za mti wa mama. Ndiyo maana Septemba ile, majani yalipogeuka rangi ya kutu, nilimhurumia sana.

Mimi nilisema ni baridi ya Julai imeyaunguza. Huku kwetu kila baya tunaisingizia baridi. Mumewe, Silvanus, akapulizia dawa ya kuulia wadudu wa maharage. Wiki mbili baadaye hali ikawa mbaya zaidi, naye akanoa shoka, akamwambia mkewe:

"Mama Eva, mvua ikianza napanda mahindi hapa. Hii sasa ni kuni."

"Baba Eva, ngoja kwanza hiyo mvua inyeshe."

Brigita akakung'uta jani juu ya sahani nyeupe. Vidoa vyekundu vikaanza kutembea. Utitiri! Sisi tuliujua wa kuku tu. Akazunguka shamba zima na sahani yake, nami nikimcheka. Lakini akili ni nywele. Mparachichi mmoja wa nyuma ya nyumba, usiopata vumbi wala kupuliziwa dawa, ulikuwa na utitiri kidogo tu, na vidudu vidogo vyeusi vilikuwa vinaula. Hapo akaelewa: kiangazi na vumbi viliulea utitiri, na dawa ya mumewe iliwaua wale wanaoula.

Akaficha bomba la dawa. Kila asubuhi akabeba maji, akaosha majani kwa chini, mti kwa mti, mpaka mikono ikampasuka. Novemba mvua ilichelewa. Silvanus akawa analitazama shoka, na mimi nikakosa usingizi kwa ajili ya miti isiyo yangu. Kisha ikanyesha siku nne mfululizo. Brigita akaingia kwenye matope na sahani yake: vidoa vitatu tu. Alilia, nami nikalia.

Mwaka huu matawi yamelemewa. Juzi nikasikia shoka shambani kwao, nikakimbia roho mkononi. Nikamkuta Silvanus anakata magongo yenye panda, anategemeza matawi yasivunjike.

"Shika hapa, Mama Wilson," akaniambia. "Hili likianguka, mama mkwe hatanisamehe."